Uliza Fundi: Vyungu vya Hoima, Viriba vya Murang'a na Presi ya Arua

Wasomaji wangu, salaam. Toleo lililopita niliandika kamstari kamoja tu, kwamba mvukuto wa kienyeji, kile cha mhunzi cha kupulizia moto, ni ngozi ya mbuzi na mrija basi, nikaendelea na mambo yangu ya weldingi. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja, voisi zimekuja, mzee mmoja kanipigia kabisa akanigombeza kwa Kinyoro dakika nzima ndo akageuza Kiswahili alipoona niko kimya. Haya, leo kolamu yote ni ya mashine za wafua chuma, za huku kwetu na za kwa wengine, na kwa nini hazifanani.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni wa Hoima ila nachomelea madirisha hapa Kisenyi, Kampala. Babu yangu alikuwa mhunzi, mivukuto yake ilikuwa vyungu viwili vya udongo vimefunikwa ngozi, katikati ya kila ngozi kuna fimbo, mtu anakaa chini anapandisha hii anashusha hii. Sasa nina mwenzangu Mkenya wa Murang'a, yeye anasema hakuna kitu kama hicho, mvukuto ni viriba vya ngozi unavifungua na kuvifunga kwa mikono. Na wewe umeandika kama yeye. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Nani mkweli? (Mjukuu wa mhunzi, Kisenyi)

JIBU: Marahaba mjukuu. Nyinyi wawili wakweli, mwenye kosa ni mimi niliyeandika kama vile Afrika Mashariki yote ina babu mmoja.

Ukichora ramani ya mivukuto ya zamani utaona kama kuna mstari. Upande wetu huu wa maziwa, Bunyoro, Buganda, Ankole, Rwanda, Burundi mpaka kwa Wahaya kule Kagera, watu walitumia hiyo ya babu yako, chungu cha udongo au bakuli la mti lililochongwa, juu ngozi laini imefungwa kwa kamba ikiwa imelegea, katikati fimbo. Baganda wanaita emivubo, Wanyarwanda wanasema imivuba, unasikia ni neno lile lile limetembea. Ukienda mashariki, kwa Wakikuyu, Wakamba, kwa wale Ilkunono wanaofulia Wamasai mikuki, mpaka pwani, unakuta viriba, ngozi nzima ya mbuzi imeshonwa kama mfuko, upande mmoja mrija, upande mwingine mdomo wenye vijiti viwili. Mwenzako wa Murang'a hajakudanganya, anakwambia alichokiona kwao.

Tofauti si sura tu bana, ni vile vinapumua. Kiriba kinapumua kwa mkono wa mtu. Ukikiinua unafungua vidole, vile vijiti vinaachana, hewa inaingia, ukikandamiza unafunga, hewa inakwenda motoni. Kwa hiyo vali ni vidole vyako, na ukichelewa kufunga umepuliza magoti yako mwenyewe. Chungu hakina vali kabisa. Hapo ndo watu wanauliza, sasa mbona ukipandisha ngozi hakivuti moto na majivu kuja ndani? Siri iko kwenye pengo. Mrija wa chungu hauchomekwi ukabana ndani ya lile bomba la udongo linaloingia motoni, unaachwa nje kidogo, na lile bomba lina mdomo mpana kama tarumbeta. Ukishusha fimbo pumzi inatoka kwa nguvu na kuingia bombani, ukipandisha, chungu kinavuta hewa baridi kupitia pale kwenye pengo. Pengo la vidole viwili hivi, basi, ndo injinia yote. Alafu vyungu ni viwili ili kimoja kikivuta kingine kinapuliza na moto usilale. Kama kule kwenu vyungu vya babu bado vipo, angalia mdomo wa mrija, utaona umeungua kidogo tu, haujaliwa.

Kwa nini huku chungu na kule kiriba? Mimi nilikuwa na jibu langu zuri sana, kwamba mtu wa kuhamahama anataka kitu cha kukunja aweke juu ya punda, na mtu wa ndizi hahami kwa hiyo chungu hakimsumbui. Kwa Wamasai linakubali. Ila Wakikuyu nao ni wakulima hawahami na bado wana viriba, kwa hiyo jibu langu linachechemea, ninalo tu manake nalipenda. Labda ni jambo rahisi zaidi, mtu anajifunza kwa aliyemfundisha, na aliyemfundisha alifundishwa hivyo hivyo, na hakuna anayebadilisha kitu kinachoivisha chuma.

Na usije ukadhani chungu ni kitu cha kubahatisha. Wahaya pale ng'ambo ya mpaka walikuwa wanayeyusha chuma kwa mivukuto ya namna hiyo karibu miaka 2,000 iliyopita. Watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliwakuta wazee waliokuwa bado wanakumbuka, wakawaomba wajenge tanuru upya, alafu 1978 wakaandika kwenye jarida la Science kwamba yale mabomba ya udongo yalisukumwa ndani sana ya tanuru, hewa ikawa inapata moto njiani kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wenzao wamebishana nao sana kuhusu hilo la hewa kupata moto, ila kuhusu umri na ujuzi wa wale wazee hakuna wa kucheka.

Na dunia ina mivukuto mingine mingi, nikitaja yote gazeti litaisha. Kisiwa cha Madagascar, hapo tu jirani na Msumbiji, hawana chungu wala kiriba, wana magogo mawili yaliyotobolewa yamesimama, ndani kuna pistoni ya kupandisha na kushusha, kitu ambacho asili yake ni Asia ya kusini mashariki, kule wanatumia mianzi na wanafunga pistoni na manyoya ya kuku isivuje. Wachina wana sanduku la mbao, pistoni inakwenda mbele na nyuma na inapuliza pande zote mbili, ukisukuma hewa, ukivuta hewa, hakuna kupumzika. Wazungu ni mbao mbili na ngozi iliyokunjwakunjwa kama kodiani. Na sisi wa leo? Rimu ya baiskeli, mkanda wa mpira wa tairi na kafeni ndani ya bati, mtoto anazungusha. Hiyo ndo mvukuto wa kienyeji wa sasa, msinibishie.

SWALI: Habari fundi. Nasoma hapa Mbarara, tulipelekwa makumbusho tukaonyeshwa nyundo ya mhunzi wa zamani haina mpini! Ni chuma tu, kama msumari mnene. Mwalimu akasema walikuwa hawajajua mpini. Kweli? Majembe yao si yalikuwa na mipini? (Mwanafunzi, Mbarara)

JIBU: Binti yangu, swali lako limejijibu na umemshinda mwalimu, ila usimwambie hivyo.

Mpini walijua fika. Jembe lina mpini, shoka lina mpini, mkuki ni mpini mtupu. Nyundo yao haina kwa sababu ya mkao. Mhunzi wa hizi nchi alikuwa anakaa chini au anachuchumaa, jiwe lake la kufulia liko ardhini mbele ya magoti, umbali kutoka bega mpaka chuma ni mfupi. Mpini mrefu hapo ungempiga yeye mwenyewe. Anashika lile dude katikati kwa ngumi, mwisho mmoja mpana mwingine mwembamba, anapiga wima kama anatwanga. Kazi nzito ya kwanza, ya kupiga lile donge la chuma kutoka tanuruni ili uchafu utoke, walifanya na jiwe kubwa la mikono miwili. Alafu hiyo nyundo ukiigeuza ukaichomeka ardhini au kwenye gogo, tayari ni fuawe ya kazi ndogondogo. Chuma kimoja kazi mbili.

Nyundo hiyo ilikuwa na heshima kuliko unavyodhani. Rwanda ilikuwa alama ya ufalme, na kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa 1969 walikuta nyundo za chuma pale kichwani pake. Waganda nao fundi mkuu wa Kabaka aliitwa Walukaga, yule wa hadithi aliyeambiwa na Kabaka amfulie mtu mzima wa chuma, anayetembea na kuongea na mwenye damu. Walukaga akashauriwa na mwendawazimu amwombe Kabaka makaa ya nywele za watu na vyungu vya maji ya machozi, vilipokosekana Kabaka mwenyewe akasema basi. Mimi huyo mwendawazimu namkumbuka kila mteja akija na video ya kwenye simu anataka mashine kama ile ya China kwa shilingi laki mbili.

Hili la mkao likumbuke manake litarudi kwenye swali linalofuata. Mhindi wa kijijini kwake naye anachuchumaa na fuawe yake ndogo imezikwa ardhini. Mwingereza anasimama. Kila kitu kingine kinafuata hapo.

SWALI: Ssebo fundi, niko Katwe. Nimenunua anvili (fuawe) kwenye kontena la vitu vya Ulaya, ina pembe mbili, moja ya mviringo moja ya mraba. Wenzangu wananicheka wanasema anvili halisi ina pembe moja na hii yangu ni ya kutengenezea viatu. Nimeibiwa? (Mwenye pembe mbili, Katwe)

JIBU: Haujaibiwa ssebo, waache wacheke. Wanaijua ile ya Kiingereza kwa sababu ndiyo iliyoletwa huku na reli na misheni na shule za ufundi, tukadhani ndo anvili yenyewe duniani.

Ile ya Kiingereza, wenyewe wanaita ya London, ina pembe moja ya mviringo, alafu kama kangazi kadogo nyuma ya pembe, hako kangazi chuma chake ni laini makusudi, pale ndo pa kukatia na patasi ili isipoteze makali wala isikwaruze uso wa juu ambao ni mgumu. Mwisho wa nyuma ni mraba, una tundu la mraba la kuchomekea vifaa na katundu ka mviringo ka kutobolea, kalianzia kwa watu wa viatu vya farasi. Ya Ujerumani na nchi za jirani zake ina pembe mbili kama yako, ya mviringo kwa kukunja pete, ya mraba kwa kona. Kwa kazi ya mageti na maua ya chuma ambayo Katwe ndo inayojulikana kwayo, mimi ningechukua yako. Mjapani naye hana pembe hata moja, ana kipande cha chuma kama tofali kimezikwa chini, na visu vyake unavijua. Kwa hiyo ukihesabu pembe utapotea.

Cha kuangalia ni uso. Chukua boli ya beringi, yenye ukubwa kama wa kidole gumba, iachie kutoka sentimita 30 juu ya uso. Ikirudi juu sentimita 24 au zaidi umepata anvili nzuri, uso umepikwa ukawa mgumu. Ikirudi 15 imelainika, labda ilipita kwenye nyumba iliyoungua. Ikianguka puu na kubaki hapo ni chuma cha kumimina, hiyo ndo ungekuwa umeibiwa. Jaribu sehemu mbalimbali, si katikati tu, manake kuna wajanja wanajaza weldi uso uliochimbika wanasaga na grainda unang'aa kama kioo.

Wale wanaotumia kipande cha reli, na ni wengi hapo Katwe, nina neno moja. Kwanza hakikisha kimetoka kwenye skrapu yenye risiti, manake reli ya kung'olewa usiku ni kesi. Pili acheni kukilaza. Ukikilaza kile kiuno chembamba katikati kinayumba, nusu ya nguvu yako inapotea kwenye mtikisiko na sauti. Kisimamishe wima kwenye gogo au zege, upigie ile sehemu ya kichwa kwa juu. Uso ni mdogo kama kiganja cha mtoto lakini chini yake kuna chuma kirefu chote kinakusukumia juu. Wajapani na wale babu wa nyundo isiyo na mpini wangekuelewa mara moja.

Na urefu wake, ukisimama wima mikono imelegea, uso ufike kwenye vifundo vya ngumi. Ukiweka ya juu bega litakuuma kabla ya saa sita, ukiweka ya chini ni mgongo.

SWALI: Fundi asalaam aleikum. Niko Arua, nataka kuanza kutengeneza bawaba za milango za kuuza hapa na ng'ambo Ariwara na Sudani Kusini. Saa hii natoboa kwa drili na kukunja kwenye vaisi, siku nzima sipati hata jozi 40. Kuna mtu ananiuzia presi ya mkono ya zamani ya Muhindi ile yenye mabonge mawili ya chuma juu, mwingine ananiambia niunde tu fremu na jeki ya lori, na kuna mwingine wa Kampala anauza presi ya umeme ya China. Nichukue ipi na kwa nini zinatofautiana hivi? (Baba Bawaba, Arua)

JIBU: Waaleikum salaam Baba Bawaba. Hili swali nimelipenda, nitakaa hapa kidogo.

Tuanze na hesabu, manake wengi wananunua tani bila kujua wanahitaji tani ngapi. Ukitoboa shiti kwa panchi, kile chuma cha juu kinachosukumwa kutoboa, unakata ukingo wa tundu, kwa hiyo chukua kipenyo zidisha 3.14, zidisha unene, hapo una milimita za mraba za kukata, alafu zidisha kilo 35 kwa kila milimita ya mraba kama ni chuma cha kawaida laini. Tundu la skrubu la milimita 5 kwenye shiti ya milimita 2 ni kama 31 mara 35, unapata kilo 1,100, yaani tani moja na ushee. Tundu la 10 kwenye pleti ya 3 ni tani 3 na kidogo. Bawaba yako haihitaji tani 20. Anayekwambia tani 20 anakuuzia jeki.

Sasa ile ya mabonge. Waingereza wanaiita fulaipresi. Ni skrubu nene imesimama ndani ya mwili kama herufi C, juu ina mkono wenye bonge la chuma kila upande. Tazama meno ya skrubu yake vizuri, si njia moja, ni mbili au tatu zinapanda pamoja, ndo maana ukiuzungusha mkono robo tu panchi inashuka sana. Unaurusha mkono, yale mabonge yanabeba mwendo, panchi ikigusa shiti mwendo wote unageuka kuwa nguvu kwa mara moja, taa! Ukirusha kidogo inapiga kidogo, ukirusha sana inapiga sana. Mkono wako unajifunza, baada ya wiki unajua kwa kusikia.

Mashine hii asili yake ni viwanda vya kupiga sarafu Ulaya, tangu karne ya 16. Baadaye Birmingham kule Uingereza ikaijaza kwenye vichumba vya kupigia vifungo vya nguo, bawaba, nibu za kalamu, na kwenye nibu waliokuwa wanaivuta wengi walikuwa wanawake, kwa hiyo yeyote anayekwambia presi ni kazi ya kifua mwambie akasome. Wahindi wakaichukua wakaifanya yao, mji wa Aligarh kufuli zao zimepigwa na presi za mkono miaka na miaka, na labda ndo njia iliyozifikisha presi hizo kwenye maduka ya mafundi wa Kihindi huku kwetu. Wengine kule Ulaya walitaka kubwa zaidi, wakaiwekea magurudumu ya msuguano pembeni yanayozungushwa na mota, gurudumu moja likigusa skrubu inashuka, la pili likigusa inapanda, hiyo ni ya kufua chuma chekundu. Mashine mama ni ile ile, kila nchi imeivalisha nguo kutokana na kazi iliyokuwa nayo na nguvu iliyokuwa nayo.

Ya jeki ni ukoo mwingine kabisa. Hiyo ni ya Joseph Bramah, aliipatia hati London mwaka 1795, maji au mafuta yanasukuma pistoni kubwa kwa pistoni ndogo. Nguvu yake ni tele lakini inakuja polepole na inabaki, haipigi, inakandamiza. Kwa kunyoosha shafti, kutoa beringi, kukunja pleti nene, hakuna kama hiyo. Kwa kutoboa bawaba 400 utapampu jeki mpaka ndevu ziote mvi, na kila tundu panchi inang'ang'ania kwenye shiti, lazima uweke kitu cha kuibandua.

Na fremu ya kuunda mwenyewe, nisikilize vizuri. Mimi hapa niliwahi kuunda moja, chaneli nzuri, jeki ya tani 20, weldi nikaipiga harakaharaka kwa sababu mteja alikuwa amekaa kwenye benchi ananitazama. Nikapima kwa macho, nikaona iko sawa. Kumbe boriti ya juu ilikuwa imeinama nywele moja tu upande wa kushoto. Pampu ya kwanza sawa, ya tano sawa, ya kumi nikasikia kakitu kama mtu anavunja kijiti. Panchi ikatoka pembeni ikaruka ikapasua birika la chai lililokuwa kwenye dirisha, chai ya moto ikamwagikia suruali ya yule mteja. Kuanzia siku ile boriti ya juu siitegemei weldi peke yake, naipitisha pini nene kwenye matundu, weldi ni ya kusaidia tu. Na sisimami mbele ya presi, nasimama pembeni.

Ya China ya umeme ni ya kranki, yaani shafti iliyopinda inayozungushwa na gurudumu zito, mota ndogo inalizungusha gurudumu, ukikanyaga pedali linashika na panchi inashuka. Ina kasi, hilo sikatai. Shida yake haijui kusimama. Ukikosea kuweka dai, kile chuma cha chini chenye tundu, juu kidogo, au shiti mbili zimeshikamana, ile haina habari, inashuka mpaka mwisho wake, aidha inakwama au inavunja kitu. Na kidole pia ni kitu. Kama huna kinga na swichi mbili za kubonyeza kwa mikono yote miwili usimweke kijana hapo. Alafu nyingi zinataka fezi tatu, uliza kwanza kama laini ya fezi tatu inafika kwako kabla ya kulipa chochote.

Kwa hiyo chukua ya mabonge. Kabla ya kulipa shika ile sehemu inayoshuka uitikise kushoto kulia, ikicheza zaidi ya unene wa kucha imeliwa, punguza bei au ondoka. Angalia mwili wake pale kwenye kona ya C, piga na nyundo ndogo, ikilia kama kengele nzuri, ikilia kama sufuria bovu kuna ufa umepakwa rangi. Ifunge kwenye meza ya zege au gogo lililozikwa, si kwenye meza ya angelaini, itatembea mpaka mlangoni. Dai yako iwe kubwa kuliko panchi kwa kama sehemu moja ya kumi ya unene kila upande, yaani kwa shiti ya 2 acha 0.2 kila upande. Ukibana sana tundu linararuka, ukiachia sana linaacha ndevu. Dai ya kukunja lile tumbo la bawaba iwe ya pili, usijaribu kufanya yote kwa pigo moja, fua ncha kwanza ianze kupinda kidogo alafu ndo uisukume kwenye mfereji. Ipake grisi.

Mke wako au binti akitaka kuivuta mwachie, Birmingham walishaonyesha.

SWALI: Fundi, niko Jinja, tuna maji yote haya ya Mto Naili yanapita tu. Hayawezi kupiga nyundo? Nimeona video Ulaya gurudumu la maji linapiga chuma. (Wa Jinja)

JIBU: Yanaweza na yalifanya hivyo kwa mamia ya miaka. Gurudumu la maji linazungusha gogo lenye vijino, kila kijino kinakandamiza mkia wa nyundo, kichwa kinapanda, kijino kikipita kichwa kinaanguka. Pale Sheffield kuna mahali panaitwa Abbeydale bado wamezihifadhi. Wachina walianza hata mapema, ofisa mmoja Du Shi mwaka wa 31 baada ya Kristo alifunga gurudumu la maji kwenye mivukuto ya tanuru. Na kuna ya Wakatalani kule Hispania ndo inanifurahisha mpaka leo, mvukuto usio na kitu kinachotembea hata kimoja, maji yanaanguka ndani ya bomba la mti, yanavuta hewa pembeni kupitia vitundu, chini kwenye sanduku maji yanatoka huku na hewa inatoka kule, moja kwa moja motoni. Hakuna ngozi, hakuna pistoni, hakuna mtoto wa kuzungusha.

Baadaye mvuke ukaja, Mskoti mmoja, Nasmyth, akapata hati ya nyundo yake ya mvuke 1842, na maji yakabaki kwenye vijito.

Ila Naili si kijito ndugu yangu. Hizo nyundo zilikaa kwenye mito midogo ya kuruka, na wenye nyundo walijenga kidimbwi wakawa wanafungua maji wakati wa kazi tu. Ukitia gurudumu la mbao kwenye Naili utaliokota kwenye maporomoko ya Murchison. Isitoshe yale maji yanakupigia nyundo tayari, yanapita kwenye bwawa tangu 1954 yanatoka kama umeme, ukiwasha grainda ni yale yale. Kama una ndugu Mbale au Kapchorwa ambako vijito vinashuka kutoka Elgon, huko sasa tungeongea. Niandikie kijito kina upana gani na kinaanguka mita ngapi, na kama kinakauka Januari, alafu tuone.